Dondoo kama Ushahidi: Unukuzi wa Matini na Uwazi wa Lugha katika Tasnifu za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kunukuu na kurejelea matini katika tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili, na uhusiano wa jambo hilo na uandishi ulio wazi na mfupi. Hoja kuu ni kwamba dondoo ni ushahidi; kwa hiyo msomaji sharti aweze kulifikia, kulipima na kulitofautisha na maneno ya mtafiti mwenyewe. Makala yanajikita katika mazingira matatu yanayomhusu zaidi mtafiti wa Kiswahili: matoleo mbalimbali ya tenzi na riwaya, madondoo yaliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine, na maneno ya watoataarifa. Aidha, yanaonesha jinsi urefu usio wa lazima na utata wa viambishi nafsi unavyoweza kuficha mipaka kati ya sauti ya mtafiti na sauti ya chanzo chake. Inahitimishwa kwamba urejeleaji sahihi ni sehemu ya hoja yenyewe, wala si kazi ya kumalizia tasnifu.

Istilahi muhimu: dondoo, urejeleaji, toleo, tafsiri, tasnifu

1.0 Utangulizi

Wapo watahini ambao, kabla ya kusoma sura ya kwanza ya tasnifu, huchagua madondoo mawili au matatu na kuyafuatilia hadi kwenye chanzo. Hawafanyi hivyo kwa kumshuku mwandishi. Wanataka kujua jambo moja tu: je, njia aliyopita mtafiti inaweza kupitwa tena na mtu mwingine? Iwapo ukurasa uliotajwa hauna maneno yaliyonukuliwa, au kitabu kilichotajwa ni toleo jingine, mtahini hulazimika kuisoma kazi yote iliyobaki kwa tahadhari, hata kama uchambuzi wake ni mzuri.

Swali hili lina uzito mkubwa zaidi leo kuliko zamani. Tasnifu iliyokuwa ikikaa katika rafu ya maktaba moja sasa huwekwa katika hifadhi ya kidijitali, husomwa na wanafunzi wa vyuo vingine, na hunukuliwa nao. Kosa dogo la unukuzi halibaki tena kuwa kosa la mtu mmoja. Mtafiti wa pili hulichukua kutoka kwa wa kwanza, wa tatu hulichukua kutoka kwa wa pili, na baada ya miaka michache maneno ambayo hayakuandikwa na mtu yeyote huwa yamepata mwandishi, mwaka na ukurasa.

Miongozo ya kimataifa ya urejeleaji, kama ule wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani (APA) au ule wa Chicago, husaidia kupanga majina, miaka na kurasa. Hata hivyo, mtafiti wa Kiswahili hukutana na mazingira ambayo mwongozo pekee haumalizi. Sehemu zinazofuata zinaeleza mazingira hayo na kupendekeza utaratibu wa kuyakabili.

2.0 Kazi ya Dondoo katika Hoja

Dondoo hutumika kwa sababu tatu. Kwanza, maneno yenyewe ndiyo data: ubeti wa shairi, sentensi ya riwaya, au kauli ya mtoataarifa. Pili, maneno ya mtaalamu yana ufasili mahususi ambao ukibadilishwa hoja hubadilika. Tatu, mtafiti anataka kupingana na kauli fulani na ni haki kuiweka kama ilivyosemwa. Nje ya sababu hizo, ni bora kueleza wazo la chanzo kwa maneno ya mtafiti na kutaja chanzo hicho.

Mahali ambapo kanuni hii huvunjwa zaidi ni katika mapitio ya maandiko. Mwandishi huanza kwa kunukuu fasili ya fasihi simulizi kutoka kwa mtaalamu wa kwanza, kisha wa pili, wa tatu hadi wa tano, na kumalizia kwa kusema kwamba anakubaliana na wote. Kurasa tatu zimejaa, lakini hakuna hoja iliyosogea. Fasili tano zingepaswa kupangwa kulingana na zinapotofautiana: ipi inaegemea uwasilishaji kwa mdomo, ipi inaegemea umiliki wa jamii, ipi inaacha nafasi kwa fasihi inayopitia redio na simu. Baada ya mpangilio huo, huenda dondoo moja tu likatosha, nalo ni lile ambalo mtafiti atalitumia kuchambua data yake.

Dondoo linalostahili kuwapo huhitaji mambo matatu kando yake. Litanguliwe na sentensi inayomwambia msomaji ni nani anayesema na katika muktadha gani. Liandikwe kama lilivyo katika chanzo. Kisha lifuatwe na uchambuzi unaogusa maneno yake, si sentensi ya jumla kwamba dondoo hilo linathibitisha hoja. Dondoo lisilofuatwa na neno lolote la mtafiti humwachia mtahini kazi ya kuchambua, ilhali si yeye anayetunukiwa shahada.

3.0 Toleo Lipi? Tenzi, Mashairi na Riwaya

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Mtafiti anayeandika "(Mwana Kupona, 1858, uk. 40)" ametaja mwaka wa utungo na ukurasa wa kitabu kilichochapishwa karne iliyofuata. Utendi huo umefikia wasomaji kupitia miswada ya hati ya Kiarabu na kupitia wahariri. Toleo la Alice Werner na William Hichens lilitoka mwaka 1934, na J. W. T. Allen aliuhariri katika kitabu chake, Tendi, cha mwaka 1971. Vivyo hivyo, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina toleo la Hichens la mwaka 1939 na la James de Vere Allen la mwaka 1977; na tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zinapatikana katika diwani iliyohaririwa na Hichens mwaka 1940 na katika kazi ya Mohamed Abdulaziz ya mwaka 1979. Anayenukuu bila kutaja mhariri hajamwambia msomaji amesoma nini.

Suala hili halihusu kurasa peke yake. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Katika miswada mingi ya kale, alama moja husimama kwa /i/ na /e/, na nyingine kwa /u/ na /o/. Kwa hiyo "penda" na "pinda" yanaweza kuandikwa kwa namna moja, na vilevile "uza" na "oza". Mhariri anapoyageuza maneno hayo kuwa ya hati ya Kirumi, anakuwa tayari amefanya uamuzi wa kufasiri. Chukulia mtafiti anayejenga sura nzima kuhusu dhamira ya mapenzi juu ya neno moja ambalo mhariri mwingine amelisoma kuwa kupinda. Kama ametaja toleo lake na kulilinganisha na jingine, hoja yake inaweza kujadiliwa. Kama hakulitaja, hoja huanguka siku ambayo msomaji mmoja anafungua kitabu tofauti.

Jambo la pili ni lahaja. Si haki ya mtafiti kuisanifisha lugha ya mshairi. Katika Kiamu na Kimvita, "mato" ni "macho" ya Kiswahili sanifu. Ubeti unaokamilisha kina chake kwa silabi "to" hupoteza urari endapo mnukuzi atalibadili neno hilo "kumsaidia" msomaji. Msaada ufaao ni tanbihi au faharasa fupi. Maneno ya utungo yaachwe yalivyo. Pale panapoonekana kosa la chapa, liachwe na liwekewe alama "[kama ilivyo]", na maelezo ya mtafiti yatiwe ndani ya mabano ya mraba ili yasichanganywe na ya mshairi.

Kwa tenzi na mashairi marefu, namba ya ubeti ni ya manufaa zaidi kuliko namba ya ukurasa, kwa kuwa hubaki ileile kitabu kinapochapishwa upya. Hata hivyo, matoleo hutofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti; ndiyo maana namba ya ubeti nayo sharti iambatane na jina la toleo. Mishororo inukuliwe kwa mpangilio wake, na mgawanyo wa vipande udumishwe, hasa pale ambapo uchambuzi unahusu vina na mizani. Mshororo wa shairi wenye ukwapi na utao ukivunjwa ovyo na pambizo la kompyuta, msomaji hawezi tena kuona kile anachoelezwa.

Riwaya nazo zina tatizo lake. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1951 na imechapishwa tena mara kadhaa. Tasnifu inayotaja mwaka 1951 huku kurasa zikiwa za nakala ya miaka ya karibuni inampeleka msomaji mahali pasipo na kitu. Utaratibu ulio salama ni kutaja mwaka wa toleo lililosomwa, na kuongeza mwaka wa kwanza wa uchapishaji pale ambapo historia ya kazi hiyo ina maana katika hoja.

Majina ya watunzi pia yanahitaji uamuzi. Mwandishi wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) alijulikana kwenye jalada kama Adam Shafi Adam, na kwenye Vuta N'kuvute (1999) kama Adam Shafi. Anayefuata jina la mwisho bila kufikiri atamrejelea mtu mmoja kama "Adam" katika ukurasa mmoja na kama "Shafi" katika ukurasa unaofuata, na msomaji mgeni atadhani ni waandishi wawili. Mwana Kupona binti Msham naye hafahamiki kwa jina la baba yake pekee. Hakuna kanuni moja inayotatua kila hali. Linalowezekana ni mtafiti kuchagua utaratibu, kuueleza mara moja katika sura ya kwanza, na kuufuata hadi mwisho.

4.0 Dondoo Lililovuka Lugha

Tasnifu nyingi za Kiswahili hutegemea nadharia zilizoandikwa kwa Kiingereza, na baadhi ya nadharia hizo zenyewe zilitafsiriwa kwa Kiingereza kutoka lugha nyingine. Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi ya unukuzi, na ndipo panapopuuzwa zaidi.

Ferdinand de Saussure ni mfano mzuri. Alifariki mwaka 1913. Kitabu cha mihadhara yake kilichapishwa mwaka 1916 na Charles Bally na Albert Sechehaye, waliokiunda hasa kutokana na madaftari ya wanafunzi waliohudhuria mihadhara hiyo. Tafsiri ya Kiingereza ya Wade Baskin ilitoka mwaka 1959. Mwanafunzi anayeandika kwamba "Saussure (1916) anasema", akafungua alama za kunukuu na kuweka sentensi ya Kiswahili, amepita hatua nne bila kuzitaja: mhadhara, wahariri, mfasiri wa Kiingereza, na yeye mwenyewe kama mfasiri wa Kiswahili. Kila hatua ingeweza kubadili kitu. Kifaransa cha Saussure kinatofautisha langage, langue na parole. Neno "lugha" la Kiswahili linaweza kubeba mawili ya kwanza kwa pamoja, na hapo tofauti ambayo ndiyo msingi wa nadharia yote huwa imefutwa ndani ya alama za kunukuu.

Hali ni hiyohiyo kwa Vladimir Propp, ambaye uchanganuzi wake wa ngano hutumiwa mara nyingi katika tafiti za fasihi simulizi. Kitabu chake kilitoka kwa Kirusi mwaka 1928, na kwa Kiingereza mwaka 1958. Anayesoma Kiingereza anukuu Kiingereza na aseme hivyo. Kuandika "(Propp, 1928/1958)" na kutaja ukurasa wa toleo la Kiingereza hakumpunguzii mtafiti heshima. Kunamwonesha kuwa mkweli.

Kwa ujumla, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, kila dondoo lililotafsiriwa na mwandishi wa tasnifu libainishwe kwa maneno "tafsiri ya mtafiti". Ikiwa madondoo ya namna hiyo ni mengi, tamko moja katika sura ya kwanza linatosha. Pili, pale ambapo hoja inategemea neno mahususi, maneno ya lugha ya chanzo yawekwe katika tanbihi ili mtahini aweze kuipima tafsiri. Tatu, tafsiri inayofupisha au kulegeza maana isitiwe alama za kunukuu. Ielezwe kama muhtasari. Nne, kauli ambayo mtafiti ameikuta ndani ya kazi ya mtu mwingine irejelewe kupitia kazi hiyo, kwa neno "katika" au "kama alivyonukuliwa na", na orodha ya marejeleo itaje kitabu kilichosomwa tu.

Ikumbukwe pia kwamba programu za kubaini ufanano wa maandishi hulinganisha hasa maneno yanayofanana. Aya nzima iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza bila kutaja chanzo inaweza kupita bila kuonekana. Hiyo haiiondolei hali yake ya kuwa wizi wa kitaaluma. Kiwango kidogo cha ufanano kinachooneshwa na programu si hati ya uaminifu, na mtahini asikichukulie hivyo.

5.0 Maneno ya Watoataarifa

Katika utafiti wa uwandani, dondoo ni sauti ya mtu aliyekubali kuzungumza. Anastahili mambo mawili ambayo mara nyingine huvutana: maneno yake yaheshimiwe, na utambulisho wake ulindwe kadiri alivyoahidiwa. Utaratibu wa kawaida ni kutumia msimbo, kwa mfano "Mtoataarifa wa 4, mahojiano, Machi", pamoja na taarifa zile tu zinazohitajika kuielewa kauli, kama vile rika au shughuli. Kutaja kijiji kidogo, kazi ya pekee na umri kamili kwa pamoja kunaweza kumfichua mtu ambaye jina lake limefichwa kwa uangalifu.

Wasanii wa fasihi simulizi ni suala tofauti. Manju, mtambaji au malenga anayetoa utungo wake ni mwenye kazi, na huenda kumficha nyuma ya msimbo kukawa kumnyima haki yake. Aulizwe, na jibu lake liheshimiwe. Akitaka kutajwa, atajwe kama mtunzi mwingine yeyote.

Mazungumzo yananukuliwa kama yalivyosemwa, pamoja na lahaja na uchanganyaji wa lugha. Kuondoa marudio na vigugumizi kunaruhusiwa pale ambapo utafiti hauhusu sifa hizo, ilimradi mtafiti aseme kwamba ameviondoa. Palipokatwa maneno pawekwe nukta tatu. Kisichoruhusiwa ni kukata sharti au shaka iliyo katika kauli. Mtoataarifa aliyesema kwamba zamani mila hiyo ilikuwapo "lakini si kwa kila ukoo" hawezi kunukuliwa kama shahidi wa jamii nzima.

6.0 Uwazi na Ufupi wa Sentensi

Unukuzi sahihi hufichwa kwa urahisi na sentensi zenye vurugu. Tazama sentensi hii ya kubuni: "Katika sehemu hii mtafiti amejaribu kwa kiasi kikubwa kuweza kuelezea kwa kina juu ya suala zima la matumizi ya lugha ya mafumbo kwa namna ambayo imeweza kujitokeza katika riwaya teule." Ina maneno 30. Maana yake yote inabebwa na maneno 9: "Sehemu hii inaeleza matumizi ya mafumbo katika riwaya teule." Kilichopotea si maarifa, ni kelele tu. Misemo kama "suala zima la", "kwa namna moja ama nyingine" na "ni ukweli usiopingika kwamba" huongeza kurasa bila kuongeza ushahidi. Na huo wa mwisho mara nyingi hutangulia jambo ambalo lilihitaji rejeleo.

Kiswahili kina sifa mbili zinazodai uangalifu wa pekee. Ya kwanza ni kiambishi nafsi. Baada ya kuwataja wataalamu wawili, kitenzi "anaeleza" hakimwambii msomaji ni yupi kati yao anayeeleza, kwa kuwa kiambishi "a-" kinamfaa kila mmoja. Ni afadhali kurudia jina kuliko kuacha kauli bila mwenyewe. Ya pili ni desturi ya mwandishi wa tasnifu kujiita "mtafiti". Desturi hiyo ni halali, lakini katika aya inayojadili utafiti wa mtu mwingine, "mtafiti aligundua" inaweza kumaanisha mmoja wao. Katika aya za namna hiyo, "utafiti huu" na jina la mtaalamu hutenganisha sauti mbili bila shida.

Vitenzi vya kuripoti navyo vichaguliwe kwa maana zake. "Anadai" hudokeza kwamba mwandishi ana shaka. "Anabainisha" na "anathibitisha" hudokeza kwamba amekubali. "Anahoji" ni kuuliza au kutilia shaka, ilhali wengi hukitumia kana kwamba ni kutoa hoja. Kuvibadilisha kwa ajili ya kukwepa marudio tu ni kubadili msimamo wa tasnifu bila kukusudia. "Anasema" na "anaeleza" hazimchoshi msomaji kama mwandishi anavyohofu.

Mwisho, mipaka ya muhtasari iwe wazi. Aya ndefu yenye rejeleo moja kwenye nukta ya mwisho humwacha msomaji akijiuliza ni sentensi ngapi zinatoka kwa chanzo. Jina la mtaalamu likiwekwa mwanzoni mwa muhtasari na ukurasa mwishoni mwake, kila kilicho kati ni cha chanzo, na kinachofuata ni cha mtafiti.

7.0 Kuhusu Mitindo ya Urejeleaji

Mitindo hutofautiana katika mambo madogo. APA hutenga kuwa aya ya peke yake dondoo lenye maneno 40 au zaidi. Chicago hupendekeza hivyo kwa maneno 100 au zaidi. Tasnifu ya Kiswahili hutumia vifupisho vyake: "uk." kwa ukurasa, "kur." kwa kurasa, "mh." kwa mhariri na "wah." kwa wahariri, pamoja na "na wenzake" pale waandishi wanapokuwa wengi. Chuo kikiwa na mwongozo wake, huo ndio unaofuatwa. Kamusi nazo zitajwe kwa toleo: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 si ile ya mwaka 2004 wala ya mwaka 2013, na fasili inaweza kuwa imebadilika. Kwa tasnifu zilizo katika hifadhi za kidijitali, itajwe namba ya ukurasa iliyochapwa kwenye tasnifu, si ile inayohesabiwa na programu ya kusomea, kwa kuwa kurasa za utangulizi zenye namba za Kirumi huzitenganisha hesabu hizo mbili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba urejeleaji hauwezi kuachwa hadi wiki ya mwisho kabla ya kukusanya tasnifu. Uamuzi kuhusu toleo, tafsiri na jina hufanywa siku kitabu kinapofunguliwa; usipoandikwa siku hiyo, ni vigumu kuukumbuka baadaye. Mtafiti anapodondoa, aandike papo hapo toleo, ukurasa au ubeti, lugha ya chanzo, na alama inayotenganisha maneno ya chanzo na yake. Kabla ya kuwasilisha kazi, alirudie kila dondoo huku chanzo kikiwa mbele yake.

Kwa upande wa watahini na wasimamizi, inapendekezwa kwamba swali la "umesoma toleo lipi?" liulizwe mapema, wakati wa pendekezo la utafiti, badala ya kusubiriwa siku ya utetezi. Fasihi ya Kiswahili imehifadhiwa na wanakili, wahariri na wafasiri wengi. Kila tasnifu inayonukuu matini hizo inaongeza mkono mmoja katika mnyororo huo, na wanaokuja nyuma watategemea kile ambacho mkono huo uliandika.